Anza na Godoro

Msikilizaji, kama uko jikoni endelea na kazi yako, mimi nahitaji masikio tu.

Majuzi nilikuwa Nduta, kambi ya wakimbizi huku kwetu wilayani Kibondo, nimekaa juu ya gogo kwenye banda la seremala. Banda lenyewe ni nguzo nne na turubai, chini vumbi jekundu limechanganyika na maranda. Akaingia kijana ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. Akamwonyesha fundi picha ya kitanda cha mtoto: cheupe, kina mapazia, nyuma yake ukuta wa kijivu na dirisha kubwa kama mlango wa kanisa. Akasema, "Mzee, nataka kama hiki. Mama watoto ana miezi saba."

Yule mzee akaikuza picha kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena. Mimi nikasubiri aseme bei. Akauliza, "Godoro mnalo?"

"Godoro tutanunua baadaye, Mzee."

Fundi akamrudishia simu. "Basi kalete godoro, ndipo tuzungumze kitanda."

Kijana akaondoka amenuna kidogo. Na mimi nilikaa kimya kwa sababu nilijua mzee yule yuko sahihi, na nilijua kwa gharama yangu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Kasulu. Nilikuwa na pesa kidogo na majivuno mengi, nikaenda kwa fundi mmoja na ukurasa niliouchana kwenye kalenda. Mjini wanakiita bebi koti, jina ambalo kwa muda mrefu nilidhani ni la vazi la baridi. Fundi akaniambia, "Hiki? Wiki moja tu." Na kweli, wiki moja kilikuwa tayari, kinang'aa vanishi. Tukakibeba watu wawili mpaka nyumbani, kikagoma mlangoni. Tukakilaza ubavu, kikagoma. Ikabidi kung'oa fremu ya mlango, kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba amesimama pale anatazama.

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kwamba hakuna godoro dukani lililolingana na upana wake. Tukaweka dogo, pengo lililobaki tukaliziba kwa blanketi tuliloviringisha. Fito za ubavuni zilikuwa zimeachana kiasi cha kiganja changu. Asubuhi moja mwanangu akiwa na miezi mitano nilimkuta amepenya miguu, kiuno na tumbo, ananing'inia nje, kichwa kimebaki ndani. Alikuwa analia, na nashukuru Mungu alikuwa analia. Siku hiyohiyo kitanda kikawa tundu la kuku, na kwa kazi hiyo kilikuwa kizuri sana.

Sikumlaumu fundi sana. Mimi ndiye niliyempa picha, na picha haina vipimo. Inakuonyesha rangi na pazia, haikuambii fito zimeachana kiasi gani wala godoro ni la ukubwa gani. Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza uliza. Kila nikiona seremala naingia bandani. Ninayokusimulia leo nimeyaokota hivyo, na mengine nimeyasoma, kwa sababu wenzetu wa mbali waliwahi kuumia zaidi yetu wakaandika kanuni.

Tuanze na hilo godoro. Hapa kwetu magodoro yanauzwa kwa futi: mbili na nusu kwa sita, tatu kwa sita, nne kwa sita. La mtoto halipatikani kirahisi Kibondo wala Kasulu. Lakini chukua lile la nne kwa sita, la sponji, unene inchi nne. Ligawe kwa urefu wake wa futi sita upate vipande vitatu. Kila kipande kinakuwa futi nne kwa futi mbili, yaani sentimita 122 kwa 61. Sasa sikiliza maajabu: vitanda vingi vya watoto Ulaya vina godoro la sentimita 120 kwa 60. Kisu kimoja cha jikoni na godoro moja la dukani vimekufikisha kwenye kipimo hicho karibu kabisa. Kina mama watatu wanachangiana, kila mmoja anaondoka na kipande chake. Kishonee mfuko wa kitambaa kigumu ili mtoto asinyofoe sponji akala.

Ukishapata godoro, mchoro umeanza kujichora wenyewe. Yule mzee wa Nduta hachori kwenye karatasi. Anafagia sakafu ya udongo, analilaza godoro chini, analizungushia mstari wa mkaa. Ndani ya mstari ni kwa mtoto, nje ya mstari ni mbao. Nguzo nne anazisimamisha kwenye pembe, nje. Ubavu wa ndani unabana godoro, hauachi nafasi. Kipimo chake ni vidole: ukiweza kutumbukiza vidole viwili kati ya godoro na ubavu, pengo limezidi. Mtoto mchanga hutumbukiza uso mahali kama hapo, na shingo yake haina nguvu ya kuutoa.

Halafu fito. Marekani wana kanuni tangu miaka ya 1970 kwamba nafasi kati ya fito na fito isizidi inchi mbili na robo tatu ya nusu. Najua, hesabu hiyo inachosha asubuhi, kwa hiyo sema sentimita 6. Ulaya wanaruhusu mpaka 6.5, ila wanaongeza kwamba isipungue 4.5, maana kijiguu kikiingia kwenye nafasi nyembamba kinaweza kukwama. Sababu ya ukomo wa juu ni ileile iliyomkuta mwanangu: kiwiliwili cha mtoto ni chembamba kuliko kichwa. Miguu na kiuno hupita, kichwa hukataa, na uzito wote unabaki shingoni.

Huna rula? Tafuta kopo la soda, lile nene la kawaida, si jembamba refu. Upana wake ni kama sentimita 6.6. Likipita kati ya fito mbili, kitanda hicho mrudishie fundi.

Nilipiga hesabu pale juu ya gogo, na naomba kalamu ikiwa unayo. Ubavu wa ndani ni sentimita 122. Fito ikiwa na upana wa sentimita 4, weka fito 13. Zinakula sentimita 52. Zinabaki 70, na kati ya fito 13 na nguzo mbili kuna nafasi 14. Sabini gawanya kwa 14 unapata 5 kamili, bila hata milimita ya kubaki. Nilifurahi kama niliyeokota pesa. Upande wa kichwani na miguuni, wa sentimita 61, fito ni 6 na nafasi ni 7, kila moja sentimita 5 na kidogo. Kitanda kizima kinataka fito 38. Kila fito ikatwe sentimita 70 ukihesabu na ndimi zake za juu na chini zinazoingia kwenye matundu. Ubao wa moja kwa sita wa futi 12 ukiupasua mara tatu kwa upana na kuukata mara tano kwa urefu unatoa fito 15. Mbao tatu zinatosha, na fito saba zinabaki. Mzee alinitazama nikimaliza hesabu ile, akasema yeye hununua tatu siku zote. Hakuwa amepiga hesabu. Anajua tu.

Nimesema ndimi na matundu, sikusema misumari. Msumari uliogongwa kwenye mbao ya upana wa sentimita 4 huipasua, na ukilegea kichwa chake hutokeza. Mtoto anapoota meno hutafuna ile mbao ya juu kama panya. Fito yenye ulimi ulioingia kwenye tundu, ikapakwa gundi, haichomoki hata aivute kila siku.

Urefu wa kwenda juu watu huusahau. Kutoka kwenye chaga mpaka ukingo wa juu iwe sentimita 60. Ukiweka godoro la sentimita 10, zinabaki 50 za kumzuia anayejifunza kusimama. Lakini mama aliyejifungua juzi, pengine kwa upasuaji, atainamaje ndani ya shimo la sentimita 60 mara nane kwa usiku? Kwa hiyo fundi mjuzi huweka ngazi mbili za chaga. Ya juu, sentimita 30 kutoka ukingoni, ni ya miezi ya mwanzo. Siku mtoto anapojaribu kukaa au kujiinua kwa mikono, chaga zinashushwa chini, siku hiyohiyo.

Wenzetu Marekani walitatua shida ya mgongo wa mama kwa njia nyingine: ubavu mmoja unateremka na kupanda kwenye reli. Ulionekana ufundi mkubwa. Vyuma vikalegea, vishikizo vya plastiki vikakatika, ubavu ukaachana na nguzo na kufungua pengo. Watoto zaidi ya 30 walikufa ndani ya miaka kumi hivi, na kuanzia Juni 2011 vitanda vya namna hiyo vikapigwa marufuku kuuzwa kule. Nakwambia hili kwa sababu picha za vitanda vile bado zinazunguka kwenye simu zetu. Kijana mwingine atamletea fundi mwingine, na fundi atafunga bawaba mbili na komeo la dirisha, aone amemaliza. Ubavu wa kitanda cha mtoto usifunguke. Nne zote zikae palepale.

Tuje kwenye mbao zenyewe. Kila Muha atakwambia mninga, na hakosei. Mninga wa misitu yetu ya miombo ukikauka hautingishiki, haupindi wala hausinyai sana, na mchwa huupita pembeni. Ila mninga una bei, na una sheria: uvunwe kwa kibali, mbao zigongwe nyundo ya Wakala wa Misitu. Usinunue ule unaopita usiku juu ya baiskeli. Paina inatosha kabisa kwa kitanda cha mtoto, hasa ikiwa kavu. Mkaratusi ni rahisi na uko kila kona, lakini hupinda ukiutazama na kupasuka ukigeuka.

Shida kubwa si aina ya mti, ni maji yaliyomo ndani. Kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei mbao nyingi sokoni ni mbichi. Fundi anachonga ulimi, unaingia tundu barabara, mteja anafurahi. Ikifika Julai upepo mkavu wa kiangazi umenyonya unyevu, ulimi umesinyaa, fito inazunguka mkononi. Kama mama ana ujauzito wa miezi mitatu, nunua mbao leo. Zipange darini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, ziachie wakati zikauke pamoja na mtoto anavyokua tumboni.

Ndani ya kambi mambo ni magumu zaidi, maana kukata mti nje hakuruhusiwi na kutoka kunataka kibali. Mafundi wa kule wanatumia wanachopata, pamoja na zile paleti za mbao zinazobeba mizigo ya misaada. Si vibaya, ila geuza ubao utafute mhuri. Ukiona herufi HT, mbao zilipashwa joto kuua wadudu, zitumie. Ukiona MB, zilifukizwa dawa ya sumu. Hizo mtoto asizitafune, wala zisipikie uji.

Na chandarua? Hapa ndipo mchoro wa kwenye simu unapotuacha njiani kabisa, kwa sababu aliyepiga picha ile hana mbu. Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria nchini, na pale Nduta mvua zikianza zahanati hujaa. Wakubwa wenzangu mtakumbuka Hati Punguzo ya mwaka 2004, kile kikaratasi cha kliniki cha kununulia chandarua nafuu. Siku hizi mama hupewa chandarua kliniki bure, lakini ni cha kitanda cha watu wazima. Ukikitupia juu ya kitanda kifupi cha mtoto kinamwangukia usoni, au anakivuta ndani na kujizongea.

Kanuni za Marekani zina jambo zuri hapa. Wanasema nguzo za pembeni zisichomoze juu ya ukingo hata milimita mbili, maana nguo ya mtoto ikinasa kwenye kichomo anaweza kunyongwa. Au basi zichomoze sana, zaidi ya sentimita 40, mahali ambapo nguo yake haiwezi kufika. Katikati hapana. Waliandika hivyo wakiwaza vitanda vya mapazia, na sisi tunaichukua kwa ajili ya chandarua: nguzo zipande mpaka sentimita 150, juu ziunganishwe kwa papi nne, chandarua kitandazwe juu ya fremu hiyo na kushuka nje ya fito. Nje, si ndani. Upindo wake ubanwe chini ya chaga.

Miguu nayo ina adui, mchwa na siafu. Nimeona watu wanasimamisha miguu ya kitanda kwenye makopo ya maji. Siafu watazuiwa, sawa, lakini umefuga mbu futi mbili kutoka kwa mtoto. Weka majivu makavu kwenye makopo hayo. Bati lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya msaada, likapigiliwa chini ya mguu, nalo linasaidia kwa mchwa.

Kuhusu kupaka nitapita haraka. Rangi ya makopo usiyoijua asili yake iache, nyingine zina risasi. Kuna wanaopaka mawese kwa kuwa Kigoma mawese hayatuishii. Mawese hayakauki. Yatanata, yatanuka, yataita sisimizi wa wilaya nzima. Sisi watu wa Kibondo tuna nyuki, na nta tunaitupa au tunaiuza kwa bei ya kutupa. Piga msasa mbao mpaka kipande cha kanga kipite juu yake bila uzi kunasa, kisha ipashe nta moto kidogo, isugue kwa kitambaa. Ukibusu ubao ule unanusa asali.

Sasa najua kuna bibi ananisikiliza pale Makere au Kakonko anasema, sisi tulilea kumi bila kitanda. Kweli, bibi. Warundi wana neno ingobyi: ni ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni, na pia machela ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Mtoto wetu amekuwa na kitanda kinachotembea siku zote, nacho ni mgongo wa mama. Usiku ananyonya, na anayenyonya hatakiwi kupelekwa chumba cha mbali. Kitanda ninachokisema kinakaa ubavuni mwa kitanda cha mama, mkono ukifika. Na kazi yake kubwa ni mchana. Kwenye nyumba ya chumba kimoja, mafiga yanawaka pale, maji ya moto pale, kaka yake wa miaka mitatu anarukaruka, mahali pa kumlaza mchanga pasipokanyagwa ni pa thamani. Alazwe chali, bila mto. Madaktari wa watoto Marekani walianza mwaka 1992 kushauri kwamba mtoto asilazwe kifudifudi, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua karibu nusu.

Siku tatu baadaye nilipita tena bandani, na kijana alikuwa amerudi. Kichwani ana kipande cha godoro la nne kwa sita, futi mbili kwa nne. Vipande vingine wamechukua majirani. Mzee alikuwa amekwisha fagia sakafu na kuchora mstari wa mkaa.

Nikamwona anatoboa nguzo kwa keekee, matundu manane. Mbavu nne hazikugongwa kwenye nguzo, zilifungwa kwa bolti, mbili kila pembe. Nikamuuliza kwa nini asiunganishe kwa gundi akamaliza. Akacheka. Wewe msikilizaji unaijua Nduta: ilipokea Warundi miaka ya tisini, ikafungwa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015 watu walipokimbia machafuko kule kwao, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Septemba mwaka huohuo malori ya kuwarudisha nyumbani yakaanza. Mzee huyo amevuka mpaka kama mkimbizi mara mbili. Mara ya kwanza aliacha kitanda cha mninga alichokichonga mwenyewe, kwa sababu hakikufunguka na lori halikuwa na nafasi.

Kijana alipolipa na kuanza kukifungua akibebe, mbavu nne kama milango midogo, mzee alimwita arudi. Akatoa spana, namba 13, inayoingia kwenye nati zile. Akaifunga kwa kamba ya katani chini ya chaga, akaikaza fundo mara mbili.

"Usiitoe hapo," akamwambia. "Siku ya lori hakuna atakayekuazima."